Mwendo wa Marehemu

Ukishuka stendi ya Handeni usimuulize mtu njia, fuata harufu ya kahawa. Utapita duka la pembejeo, utapita mafundi baiskeli, utagota kwenye ukuta wa mabati wa banda la video la Afisa, ambaye hana ofisi wala cheo. Afisa ni jina tu alilopewa na wazazi wake. Chini ya ukuta huo kuna benchi refu lenye miguu mitatu na tofali moja, na hapo ndipo zinapohukumiwa filamu zote zinazoingia mjini, hasa za kutisha, na hizi mpya zinazotisha na kuchekesha kwa mpigo mmoja. Mahakimu ni wanne. Mzee Mhina, muuza kahawa, hajawahi kuingia ndani ya banda kwa sababu anaogopa, lakini jiko lake limeegemea ukuta na huu ni mwaka wa kumi na moja. Filamu hazioni, anazisikia. Yusuph wa bodaboda anaitwa Trela, kwa kuwa hana subira ya kumaliza filamu yoyote; huangalia vipande vya dakika moja kwenye simu, kisha anakuja kubishana na waliomaliza. Matayo, fundi baiskeli, ni Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge, basi wakamwita Mkonge, naye ni mtani wa Wazigua wote, walio hai na waliokwishazikwa. Wa nne ni Sharifu, fundi wa redio na televisheni, ambaye kila filamu ameiona kwa kisingizio cha kujaribu televisheni ya mtu. Huyo ndiye Bodi. Filamu ambayo Bodi hajaipitisha, Handeni haijapita.

Alhamisi hiyo, baada ya swala ya alasiri, Bodi alifika mapema na kukaa mahali ambapo si pake. Mahali pake ni mwisho wa benchi, kwenye kivuli. Siku hiyo alikaa katikati, juani, akaegemeza mgongo kwenye bango jipya ambalo Afisa alilibandika asubuhi. Bango lilikuwa na uso wa mwanamke uliopakwa unga wa muhogo, macho yamemtoka, na maandishi mekundu: MAREHEMU HAJASHIBA. KESHO IJUMAA. WAIGIZAJI WATAKUWEPO WENYEWE. Mgongo wa Bodi ni mpana, lakini haukutosha kuufunika uso wote ule.

Uso ule ulikuwa wa binti yake.

Hakuna aliyejua. Husna, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameacha chuo cha uuguzi miaka miwili iliyopita na kujiunga na kikundi cha vijana wa Korogwe wanaotengeneza filamu. Sharifu alimwambia kwenye simu, "Mtoto wangu hawezi kuwa kichekesho cha watu," akakata, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Kijiweni alisema binti yupo chuo, anaendelea vizuri. Miaka miwili wenzake wamekuwa wakimtumia salamu mwanafunzi asiyekuwepo, naye akizipokea kwa niaba yake na kushukuru. Sasa mfukoni mwa shati alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na ujumbe wa tangu Jumapili: "Shikamoo baba. Ijumaa tunakuja Handeni kuonyesha filamu. Nifikie nyumbani, au nifikie kwa shangazi Chausiku?" Aliusoma mpaka akaukariri. Kujibu ndiko kulikomshinda, na Ijumaa ilikuwa kesho.

— Mtani, Mkonge akamwambia huku anafuta grisi mikononi, leo umekaa kama unalinda ukuta usikimbie.

— Jua limehama, Sharifu akajibu.

— Jua limehama, na wewe ukaamua ulifuate huko huko?

Mzee Mhina akacheka kidogo, akamimina kahawa kwenye vikombe vidogo, akavisogeza pamoja na sahani ya kashata. Wakati huo huo Trela akaegesha pikipiki, akavua kofia na kuitundika kwenye usukani.

— Shikamooni wazee. Nimebakiza kichwa kimoja cha kupeleka Kwamsisi, mwalimu mgeni, amesema yupo dukani ananunua ndoo. Kwa hiyo kesi ziende fasta. Mzee Bodi, tuanze na kiporo. Kabati la Mama Mkwe. Inapita au haipiti?

— Haipiti, Sharifu akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikakaa sawa. Hapo alikuwa kazini kwake. — Dakika ya tano wameshatuonyesha mzimu, uso mzima, mpaka hereni. Ukishajua mzimu anavyosuka nywele, utamwogopea nini tena? Filamu ya kutisha ni televisheni iliyofungwa. Ukiifungua mgongo mbele ya mteja, anaona waya tatu na vumbi, heshima imekwisha.

— Mimi ilinitisha, akasema Mzee Mhina.

— Wewe uliisikia tu.

— Ndiyo maana ilinitisha. Mlango wa lile kabati ulikuwa unalia hivi: kriiiii. Siku tatu sikufungua kabati nyumbani kwangu.

— Ukavaa nini siku tatu? Trela akauliza.

— Kanzu ya Idi. Ndiyo iliyokuwa nje.

— Kumbe! Mkonge akajipiga paja. — Nilikuona Jumanne umemeremeta unauza kahawa, nikasema mzee anaoa!

— Na ile ya Wazungu, ile nyumba ya msituni? Trela akaendelea. — Ile noma sana, nakwambia. Nimeona vipande vitatu.

— Ile haina maana kwetu, Mkonge akasema kwa uhakika wa mtu aliyefanya utafiti. — Mambo yote yanatokea chini ya nyumba. Kishindo, chini ya nyumba. Damu, chini ya nyumba. Sasa hapa Handeni nyumba ya nani ina chini? Mzimu wa Kizungu akiletwa huku atakosa pa kukaa. Atalala stendi.

— Anaweza kukaa darini.

— Dari gani? Kwako kuna dari?

Trela hakuwa na dari, akanywa kahawa.

— Mimi nawaambia, filamu ya kutisha lazima itengenezwe na watu wanaoogopa kitu kile kile unachoogopa wewe, Sharifu akasema. — Mzungu anaogopa kuwa peke yake ndani ya nyumba. Sisi kuwa peke yako ndani ya nyumba ni bahati. Sisi tunaogopa watu wajae uani halafu chakula kisitoshe.

— Ahaa! Trela akaruka. — Hapo umefika mwenyewe. Marehemu Hajashiba! Tukate kesi hiyo, kesho wanakuja.

Sharifu akajisogeza nyuma, bango likakwaruza shati. Alikuwa amejipeleka mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa hapakuwa na njia ya kurudi.

— Hiyo bado naiangalia, akasema.

— Bado? Afisa anasema flashi amekupa Jumatatu!

— Na televisheni ya Habakuki, Mkonge akadakia, ilipona Jumatatu hiyo hiyo, nimeiona inaongea kwa macho yangu. Leo Alhamisi bado ipo mezani kwako. Habakuki amepita kwangu mara mbili analalamika kwamba mkewe amenuna.

— Naijaribu sauti.

— Siku nne?

— Ni spika mbili zile.

Wakacheka, naye akawaacha wacheke. Ukweli ni kwamba alikuwa ameitazama mara nne, mlango wa duka umefungwa na komeo.

— Basi wakati Bodi anajaribu spika, mimi nitawaeleza filamu yenyewe, Trela akasema, akakunja miguu juu ya benchi. — Mama mmoja wa Magoma anafariki. Watu wanajaa, wali unapikwa, kuku wanachinjwa, kila mtu anakula. Usiku wa tatu marehemu anarudi, kwa sababu katika matanga yake mwenyewe hakuna aliyemtengea sahani. Sasa wote mnasema ni mzimu. Mimi nasema hapana. Yule ana pacha. Aliyekufa ni mmoja, anayekula minofu chini ya kitanda ni mwingine.

— Pacha umemwona wapi? Mkonge akauliza.

— Kwenye kipande cha pili ana kanga nyekundu, kwenye kipande cha nne ana kanga ya bluu.

— Sasa mtu akibadilisha kanga anakuwa wawili? Wewe jana ulikuwa na shati la kijani, yule aliyenibebea magurudumu alikuwa pacha wako?

Mzee Mhina akainua kijiko. Anapoinua kijiko hutakiwa kusikilizwa.

— Nyie hamkuisikia vizuri Jumapili Afisa alipoijaribu mle ndani. Hiyo ni filamu ya mauaji. Watu saba wamechinjwa mle. Mimi nimehesabu, kilio kimoja kimoja, na panga linagonga ubao, ka! ka! Mtu wa saba alipiga kelele muda mrefu kuliko wote, nikaacha jiko nikaenda kusimama barabarani.

Sharifu hakuweza kuvumilia.

— Mzee Mhina, wale ni kuku.

— Nani?

— Waliochinjwa. Ni kuku wa matanga. Kuku saba.

Mzee Mhina alikaa akafikiri, kijiko bado kipo juu.

— Yule wa saba pia?

— Yule alikuwa jogoo.

— Basi jogoo yule ni mwigizaji, akasema Mzee Mhina, na hakuwa anatania.

Mkonge alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa na jambo lake, na lilionekana usoni kwamba amelibeba tangu asubuhi.

— Sikilizeni. Watu wanaisifia ile filamu kwamba ni kitu kipya, eti kifo na kicheko vimewekwa sufuria moja. Kipya kitu gani? Hiyo ni kazi yetu watani! Nani analala juu ya kaburi asiachie maiti ipite? Mtani. Nani anavaa nguo za marehemu na kuigiza alivyokuwa akigomba? Mtani. Babu yangu amechekesha misiba kambi zote za mkonge kuanzia Korogwe mpaka huku, na hakuwa na kamera. Wale vijana wamechukua utani wetu mzima mzima, hata ahsante hawakusema. Kesho nawasimamisha mbele ya watu waombe radhi kwa Wanyamwezi wote.

— Wote? Trela akauliza. — Watatosha kwenye banda?

— Mimi nitawapokelea.

— Sasa mtani, unasema filamu mbaya au nzuri? Sharifu akamuuliza. Alijaribu kuuliza kama Bodi anavyouliza siku zote, lakini kikombe kilikuwa kimesimama njiani kuelekea mdomoni.

— Nzuri! Ndicho kinachoniuma. Ingekuwa mbaya ningewaachia.

Sharifu akanywa. Kahawa ilikuwa chungu na tamu zaidi kuliko ya siku zote.

— Ila yule dada mwenyewe, Trela akasema, yule marehemu. Kwao wapo kweli? Binti mzima anajipaka unga, anatambaa chini ya kitanda, anatafuna shingo ya kuku mbele ya kamera. Watu wanamcheka kuanzia huku mpaka Chalinze. Aisee, angekuwa na baba, baba yake angekubali?

Maneno yalimfikia Sharifu pale pale alipokuwa anayaogopa. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, karibu neno kwa neno, yametoka kinywani mwa kijana asiyemaliza filamu. Angeweza kuitikia kwa kichwa na yangepita. Badala yake akajikuta ameweka kikombe chini.

— Wanamcheka, au anawachekesha?

— Si yale yale, mzee.

— Si yale yale hata kidogo. Wewe ukianguka na pikipiki kwenye tope, sisi tukacheka, tumekucheka wewe. Hukupanga. Yule binti kila unapocheka alishakuandalia kicheko chako, akakusubiri. Ile anapoingia jikoni, watu wote wamemkodolea macho, badala ya kupiga kelele anafunua sufuria, anaonja, anasema chumvi imepungua. Unaona alivyonyamaza kabla ya kusema? Hesabu. Moja, mbili, tatu. Angesema kwenye mbili, hakuna anayecheka. Angesema kwenye nne, watu wangeshaogopa mno. Kutisha na kuchekesha ni waya mbili ndani ya kifaa kimoja. Fundi asiyejua akizigusanisha anaunguza nyumba. Yule amezishika zote mbili kwa mikono mitupu na taa imewaka.

Sharifu akakichukua tena kikombe chake. Miaka miwili alikuwa ameshikilia sentensi moja, na sasa ameipinga hadharani, kwa hoja, na ameshinda. Alijisikia aibu na fahari kwa pamoja, na hakujua aanze kumeza ipi.

— Kwa mtu ambaye bado anaiangalia, Mkonge akasema polepole, umeiona.

— Spika zinahitaji muda.

Mkonge hakucheka. Alikuwa anakuna ndevu kwa kidole chenye grisi.

— Lakini kuna kitu kinanisumbua, mtani. Ule mwendo. Pale anapovuka ua na kikapu. Mkono kiunoni, mguu wa kulia anautupa nje hivi. Mimi mwendo ule naujua. Nimewahi kuuona mahali, au nimewahi kuutembea, sikumbuki.

Sharifu alikumbuka. Miaka tisa iliyopita, siku ya tatu ya matanga ya mke wake Maryamu, Matayo alifanya wanachofanya watani. Alipewa kanga ya marehemu akajifunga, akatundika kikapu chake cha sokoni begani, akatoka uani anatembea kama yeye: mkono kiunoni, mguu wa kulia unatupwa nje kidogo, kwa sababu Maryamu alivunjika utotoni na mfupa ukaunga vibaya. Akazunguka watu akigomba kwa sauti ya marehemu mwenyewe, nani ameweka sufuria langu juani, na Sharifu chai amekunywa au bado. Ua mzima ulicheka kwa machozi. Husna, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu mazishi, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba uji. Mtu mmoja tu hakucheka. Sharifu alikwenda nyuma ya nyumba akasimama huko mpaka mtani alipovua kanga. Mtani hashtakiwi, kwa hiyo hakumshtaki, ila ilimchukua muda mrefu kumwangalia usoni.

Na Jumatatu iliyopita, mbele ya televisheni ya Habakuki, alimwona Maryamu anavuka ua. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na bisibisi mkononi, akasimama. Mara tatu zilizofuata hakuitazama hadithi, alisubiri dakika ile moja tu. Alimkumbuka mkewe siku zile nne kuliko alivyomkumbuka miaka yote tisa, na hakumwambia mtu.

— Labda uliuona sokoni, akamwambia Mkonge. — Watu wenye mguu mbovu ni wengi.

— Labda, Mkonge akasema, lakini macho yake hayakumwachia.

Trela naye alikuwa na kesi yake. Akatoa simu.

— Mimi nimeshagundua. Achaneni na pacha, pacha nimemfuta. Sikilizeni sasa. Mwishoni wameandika jina la kila mtu, aliyeshika taa, aliyepika wali. Yule marehemu wameandika "Nuna" basi. Nuna nani? Nimetafuta mtandaoni siku mbili. Hana picha, hana akaunti, hana hata video anacheza muziki. Nani siku hizi hana? Wazee wangu, wale vijana hawakumpata mwigizaji. Wamekwenda Magoma, wamemkuta mzimu wa ukweli, wamemwomba, amekubali!

— Nilijua, akasema Mzee Mhina.

— Ulijua nini?

— Ile sauti. Mtu akiongea karibu na ukuta, bati linatetemeka. Yule akiongea bati halikutetemeka. Nililishika kwa mkono.

— Umeona! Bati limetoa ushahidi!

— Wazigua mna kazi, Mkonge akasema. — Mzimu atasaini karatasi ya kikundi kwa kidole gani?

— Ndiyo maana wameandika jina moja. Mzimu hana la ukoo.

— Na bango linasema kesho wanakuja wenyewe, Mzee Mhina akasema, na ghafla akaanza kufunika sahani ya kashata. — Wenyewe. Basi kesho mimi hapa sipo. Mtakunywa maji.

Hapo ndipo alipofika mwanamke kijana, begi mgongoni, ndoo mpya mkononi na chaki zimejaa ndani ya ndoo.

— Shikamooni.

— Marahaba, wazee wakaitika.

— Naitwa Getruda, mwalimu, ninakwenda Kwamsisi. Nimeambiwa Yusuph wa bodaboda nitampata kwenye benchi la makelele.

— Ndiye mimi, madam. Dakika moja tu, tunafunga kesi.

Getruda akaweka ndoo chini. Kisha akainua macho juu ya bega la Sharifu, pale ambapo mgongo wake haukufika, akapiga makofi.

— Jamani, huyu! Nimemtazama jana ndani ya basi kutoka Dar. Basi lote lilikuwa linacheka na kushikana mikono. Abiria wawili wa Mkata walipitilizwa, konda mwenyewe alisahau kuita kituo. Kuna mama pembeni yangu alikuwa amefiwa, anatoka kuzika, nikaogopa nikasema ataumia. Alicheka yule mama, akalia, halafu akafungua mkoba akatoa andazi. Akaniambia, mwanangu, tangu juzi sijala.

Sharifu alishika ukingo wa benchi.

— Tatizo ni kwamba yule si mtu, madam, Trela akamwelewesha kwa upole. — Tumeshathibitisha. Ni mzimu.

— Mzimu wapi! Getruda akacheka. — Yule ni mtoto wa mtu. Mtu hawezi kuigiza hivyo kama hajawahi kukaa chini akamtazama mtu anayempenda. Na nyie ndio wenyeji. Ni mtoto wa nani?

Ukawa mwisho wa ushahidi. Trela alitazama simu yake. Mzee Mhina alilitazama bati. Mkonge alifungua mdomo, mkono wake wa kulia ukajiendea wenyewe mpaka kiunoni, na ukasimama hapo. Akamtazama Sharifu, akaufunga mdomo. Mtani ambaye hajawahi kumwacha Mzigua apite bila neno, safari hii alimwachia nafasi.

Sharifu alijua kwamba angeweza kukaa kimya mpaka kesho. Kesho watu wangemwona wenyewe, wangejua, na yeye angekuwa baba aliyekaa juani alasiri nzima akifunika uso wa mwanawe kwa mgongo. Akasimama. Akasogea pembeni, mpaka mahali pake pa siku zote, na uso wote wa kwenye bango ukabaki wazi mbele yao.

— Ni wangu, akasema.

— Wako nini, Bodi?

— Mtoto. Huyo Nuna ni Husna.

Wakamtazama yeye, wakatazama bango, wakamtazama yeye tena. Ukishaambiwa, unga haufichi kitu: paji lile, na zile nyusi zilizokutana katikati, zilikuwa za Sharifu mtupu.

— Husna si yupo chuo? Mzee Mhina akauliza, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. — Na salamu zangu?

— Hayupo chuo, mzee wangu. Miaka miwili sasa. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa na sababu. Salamu zenu zote ninazo mimi. Kesho mpeni wenyewe.

— Mzee Bodi, Trela akasema, ameirudisha simu mfukoni. — Yale niliyosema, ya baba yake...

— Ulisema nilivyosema mimi. Nilimwambia hivyo hivyo, na mimi filamu huwa namaliza.

Mkonge hakuomba radhi wala hakutoa pole. Alichukua kitambaa chake cha grisi, akakifunga kiunoni, akatundika ndoo ya mwalimu begani, chaki na yote. Mkono mmoja kiunoni, mguu wa kulia nje kidogo, akavuka mbele ya benchi, akageuka.

— Na nani ameweka vikombe vyangu juani? Sharifu! Chai umekunywa au bado?

Safari hii Sharifu hakwenda nyuma ya nyumba. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka akashika magoti, na machozi yakaja nacho, akayaacha yatiririke mbele ya mwalimu mgeni na watu wote wanaopita.

— Bado, akasema. — Bado, mama Husna.

Getruda alikuwa haelewi kitu, lakini naye alikuwa anafuta macho. Mzee Mhina akalishika birika ili ammiminie Bodi, akaliinamisha mpaka mwisho, likatoa tone moja.

— Kahawa imeisha, akatangaza. — Lakini kesho nipo. Jogoo nitamwona kwa macho yangu.

— Utaingia ndani? wakauliza wote.

— Mtoto wetu anacheza, nikae nje kwa nini? Mtanishika mkono.

Trela akapakia ndoo na begi, akawasha pikipiki, kisha akakumbuka sheria za kijiwe, akazima.

— Bodi, hujatoa hukumu. Marehemu Hajashiba. Inapita?

— Imepita.

Pikipiki ikaondoka kuelekea Kwamsisi. Sharifu akaketi kivulini, akatoa simu, akaufungua ujumbe wa Jumapili. Kidole cha fundi ni kinene, kila herufi ilimtaka ajaribu mara mbili, naye hakuwa na haraka. Aliandika neno moja, akalitazama, akaona halitoshi, akaongeza matatu.

"Nyumbani. Uje na njaa."